Kikombe Kilichojaa Pomoni

Baba yake Hajati Wadha ndiye aliyewamiminia kahawa Waingereza waliokuja kupima ardhi ya kijiji. Walikunywa, wakasifu, wakaahidi nchi moja kwa mataifa mawili, na mwaka wa arobaini na nane wakafunga virago. Vita vikazuka, na Wadha, mtoto wa miaka minane, akaishia kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Hebron. Kazeekea humo.

Leo kaja afisa kutoka London, kavaa uso wa matanga.

"Bibi, tunasikitika. Ni historia ngumu."

"Ngumu kwa nani? Nyinyi mliondoka kwa meli, sisi kwa miguu."

Kwao mgeni humiminiwa kahawa kidogo tu, akimaliza aongezwe. Ukimjazia kikombe, umemwambia anywe aende zake. Wadha akakijaza pomoni, kahawa ikamwagika kwenye sinia. Mjukuu wake, Rihab, akainamisha uso kwa aibu.

"Ukarimu ulioje!" afisa akasema. Akainywa yote, akanyoosha kikombe aongezwe.

Wadha akamgeukia Rihab. "Baba alijilaumu mpaka anakufa kwamba hakuwajazia siku ile ya kwanza. Kumbe wangeomba cha pili!"