Kipupwe Kilichogandisha Chanjo

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi nilikaripiwa kabla sijaketi. Nilifika wadi ya watoto katika hospitali moja ya Malindi alfajiri, sare imenyooshwa kwa pasi ya makaa, na Matroni akanikagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Kadzo," akasema, "hapa hatuji kuonekana. Nenda kanawe mikono." Nikanawa. Akaigeuza viganja na mgongo. "Kanawe tena." Nilinawa mara tatu kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtoto wa mtu, na mpaka leo nikiingia nyumba ya wanangu huanza na bomba, wajukuu wakinicheka.

Nyinyi mliozoea sindano za kutumika mara moja zikatupwa hamjui tulivyohangaika. Bomba zetu za sindano zilikuwa za kioo, na sindano za chuma tulizichemsha kwa dakika ishirini, saa ikiwa mezani. Ncha ikiwa butu tuliinoa kwenye kijiwe. Matroni alisali nasi kila asubuhi kabla ya zamu, kwa sauti ya mtu anayetoa amri, nami nikiitikia amina huku nikiwaza chai. Nilikuwa Mkristo wa kurithi wakati huo, kama nilivyorithi pua ya babangu.

Katika wadi ile ndipo nilipoona pepopunda ya watoto wachanga. Hutokea kitovu kikikatwa kwa kitu kichafu na mama hakupata chanjo alipokuwa mjamzito. Mtoto huacha kunyonya, taya hukaza, kisha mwili mzima. Niliwaona wawili. Sitasimulia zaidi ya hapo, ila mkijua kwamba niliwaona mtaelewa kwa nini niliogopa baadaye.

Nilipoolewa na Katana, mwalimu wa shule ya msingi, nilihamishiwa zahanati ndogo upande wa Adu, mahali pa mashamba ya mahindi na mihogo. Kwa karatasi nilikuwa chini ya Msimamizi wa Chanjo aliyekaa Malindi. Kwa kweli nilikuwa chini ya friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa. Chini kuna tangi na utambi unaowaka, na moto ule ndio unaoleta baridi juu. Msiniulize vipi. Fundi alinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilitikisa kichwa tu. Nililolijua ni hili: chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Ukipunguza moto, joto hupanda. Ukiuzidisha, chanjo huganda, na iliyoganda haifai kitu hata ikiyeyuka. Asubuhi na jioni unafungua mlango, unasoma kipimajoto, unaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Na kikija kipupwe, utambi hushushwa, maana hewa yenyewe imeshapoa.

Watu wa bara huicheka baridi yetu. Na wacheke. Kipupwe cha mwaka ninaousimulia kilikuja na manyunyu ya wiki nzima, kuni zikalowa, mbuzi wakagoma kutoka. Mwanangu wa kwanza, Karisa, alikuwa na miezi mitano, na kifua kikambana. Nilimpa dawa niliyowapa watoto wa wenzangu, na bado usiku mmoja ulifuata mwingine tukimsikiliza anavyopumua. Mavyaa wangu, yaani mama yake Katana, alikuja kutoka Kaloleni na hando lake la marinda kiunoni, kapu la mihogo, na maoni yake kuhusu kila kitu ndani ya nyumba.

Friji hakuipenda tangu alipoiona. "Moto uzae barafu?" aliniuliza. "Kadzo, hii kazi umeiombea?" Lakini hakuchelewa kugundua jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Nyuma ya friji hutoka hewa ya moto. Chumba cha friji kilitazamana na jiko letu, na kila asubuhi nilipotoka kwenda kupima wagonjwa nilimwacha amekaa kwenye kigoda, mgongo wa Karisa umeelekezwa nyuma ya friji, akimwimbia. Mtoto akaanza kupumua vizuri. Siku ya tatu alicheka. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote, nikamshukuru na mavyaa, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Nilichoma watoto chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na wajawazito ile ya pepopunda peke yake. Nilipotikisa chupa niliona chembechembe zinateremka chini haraka. Nikajiambia ni baridi tu, nikaendelea, foleni ilikuwa ndefu na mvua inanyesha.

Ijumaa asubuhi nilifungua friji nikakuta ukungu mweupe umeshika kuta. Chupa moja ilikuwa jiwe. Kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri. Niliinama kutazama utambi, nikaona moto mrefu wa manjano badala ya ule mfupi wa buluu. Nikaitoa chupa iliyobaki ya Jumatano, nikaitikisa, nikaiweka mezani nikasubiri. Chanjo nzima ikitikiswa hubaki na weupe kama tui jepesi. Hii ilikatika. Chembe zilikaa chini, maji matupu yakabaki juu.

Kisha nikaitazama karatasi ubavuni mwa friji. Nne. Nne. Nne. Nne. Wiki nzima, kwa mwandiko wangu. Friji haikuwahi kunisumbua, na kwa sababu haikuwahi kunisumbua nilikuwa nimeacha kuifungua ili nisome. Nilipita, nikaandika nne, nikarudi kwa mwanangu.

"Mama," nilimuuliza mavyaa, "huu moto nani kaupandisha?"

"Mimi. Kila siku kidogo. Mtoto alikuwa hapumui, wewe umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo lililonikata maini. Joto lililomponya wangu ndilo lililoharibu kinga ya watoto wa wenzangu, na mimi niliwachoma kwa mkono wangu nikawapa kadi wakaondoka na furaha.

Nawaambia kweli, wazo langu la kwanza halikuwa zuri. Chanjo iliyoganda haiui mtu. Wengi wa wale watoto wasingekutana na ugonjwa, na hakuna ambaye angejua. Na nikisema, huenda nikafukuzwa, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi yangu. Nilijifungia chumbani, nikapiga magoti, nikamwomba Mungu airudishe dawa ile mwilini mwao iwe nzima. Nilikuwa sijawahi kuomba kwa bidii namna ile.

Katana alinikuta hapo. Nilimweleza yote. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, chaki imemfundisha kubana. "Kadzo," akasema, "unamwomba Mungu akusahihishie daftari? Mtoto wangu darasani akikosa hesabu simwombei. Nampa kifutio."

Nilimkasirikia. Lakini niliinuka.

Jumamosi tulikwenda Malindi kwa Msimamizi wa Chanjo. Mavyaa alisisitiza kuandamana nami, na nilishindwa kumkatalia. Msimamizi alikuwa Mswahili wa mjini, mtu mzima, kanzu yake nyeupe pe, msemaji wa taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie. Karibuni mkae. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nilimwekea mezani ile chupa na ile karatasi ya nne tupu, nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Na huo moto, nani aliyeupandisha?"

Nilikuwa nimeazimia kusema ni mimi. Mavyaa akanitangulia. "Ni mimi, baba. Mjukuu wangu alikuwa na kifua. Ile friji ndiyo pekee iliyokuwa na joto katika zahanati nzima."

Msimamizi akaitua kalamu. "Mama," akasema, "friji hizi nimezihudumia tangu ndevu zangu nyeusi. Mtu wa kuota moto kwenye friji ndiyo kwanza nakutana naye." Mabega yakamtikisika. Mavyaa akacheka pia, akajifunika mdomo na leso. Mimi sikuthubutu.

Kisha akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Huyu mama hana kosa. Yeye alikuwa na mjukuu. Wewe ulikuwa na kipimajoto."

"Ndiyo, mzee."

"Barua ya onyo itaingia katika faili lako, na itakaa humo. Chanjo mpya utaondoka nazo leo. Hao uliowachoma uwapate wote. Usije ukaniambia umewapata wengi. Mficha uchi hazai, bibie, nawe umeshauvua wako hapa, basi enda kawaambie na wenyewe."

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nilimwomba Kasisi nafasi. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kwaya ya akina mama. Nilisema chanjo ya Jumatano iliganda, kwamba sikusoma kipimajoto, kwamba niliandika nisichokiona. Sikumtaja mavyaa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

Mama mmoja wa nyuma akasimama, mtoto mgongoni. "Kwa hiyo ile sindano ilikuwa maji?"

"Haina madhara, mama. Lakini haina kinga."

"Na nyingine iko?"

"Iko. Jumatano."

"Basi tutakuja Jumatano," akasema, akaketi. Na ibada ikaendelea. Mzee wa kijiji aliwapelekea habari wasiokuwa wa kanisa letu, nyumba kwa nyumba, na wote wakaahidi. Wote isipokuwa Dama.

Dama alikuwa na mimba yake ya kwanza. Baada ya kuchomwa Jumatano alikuwa ameondoka kwenda kwa mamake, bara zaidi, akajifungulie huko kwa mkunga. Chanjo ile huhitaji kama majuma mawili mwilini kabla ya uchungu ili imkinge mtoto, na kwa kadi yake Dama alikuwa amebakiza mwezi mmoja hivi. Kadi zetu zilikuwa za kukisia. Wasichana wengi hawakujua tarehe. Usiku wa Jumapili sikupata lepe la usingizi, wale watoto wawili wa Malindi walikuwa machoni pangu.

Jumatatu Katana aliomba ruhusa shuleni, akatoa baiskeli. Mimi nyuma, kasha la barafu lenye chanjo mapajani, udongo mwekundu ukituganda mpaka kwenye pindo la gauni. Tulisukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Kila nyumba tuliyoulizia walituambia ni pale mbele tu, na mnaijua pale mbele ya watu wetu.

Ilikuwa adhuhuri tulipofika. Kwanza nilisikia kinu. Dama alikuwa uani anatwanga mahindi, tumbo lake liko pale pale mbele yake. Nilishuka kwenye baiskeli nikaketi chini matopeni, nikaanza kulia.

"Sista!" alipaza sauti, mchi mkononi. "Kuna msiba gani?"

"Hakuna msiba, mwanangu. Hakuna kabisa. Lete mkono."

Nilimweleza nilipomaliza kulia. Mamake alinisikiliza, akaniuliza kama nimekula, akaleta uji. Hawakunilaumu, na ningependa kuwaambia kwamba nilijua kwa nini, lakini sijui. Dama alijifungua wiki nne baadaye, mtoto wa kike. Alinyonya siku ile ile na siku zilizofuata. Habari ilinifikia nikiwa nachuja uji wa Karisa, na nililicheka lile sufuria kama mwendawazimu.

Baada ya hapo nilihamishiwa Mariakani, nikahudumia wake wa madereva wa malori na wachuuzi wa sokoni, kisha Kilifi, mpaka nikapanda cheo nikawa mimi ndiye mkaguzi wa friji za wengine. Barua ya onyo ilinifuata kila kituo. Mabosi wapya waliisoma, wakanitazama kwa juu ya miwani, nami niliwaeleza habari ya mavyaa na wote walicheka. Mavyaa mwenyewe aliishi miaka mingi, na hakuacha kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyemponya Karisa. Sikumpinga.

Nimestaafu sasa. Friji za siku hizi zina sola na kipimo kinachojiandikia, hata mtu akilala. Nafurahi kwa ajili yenu vijana. Mtapata makosa mengine, msiwe na wasiwasi, kazi haikosi pa kukukamata.

Ule Ukristo wa kurithi niliuacha katika wiki ile nikapata wangu mwenyewe, na sikuupata kwa magoti chumbani. Huwa naulizwa na akina mama wa kanisa kama niliwahi kujibiwa maombi kazini. Nawaambia lile kubwa kuliko yote nilinyimwa. Niliomba dawa iliyoharibika iwe nzima, nisijulikane. Haikuwa. Nilijulikana. Na Jumatano ile ya kurudia chanjo, saa mbili asubuhi, manyunyu bado yananyesha, walikuja mmoja mmoja na kanga vichwani, wakapanga foleni mbele ya mlango wangu. Yule mama wa kanisani ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliufunua mguu wa mwanawe, akaniona naitikisa chupa na kuitazama kwa mara ya pili kabla ya kuvuta dawa.

"Polepole, Sista," akaniambia. "Hatuna haraka."