Kilima cha Wajomba Wawili

Mama yangu anaishi Kashozi. Tangu mvua zianze alikuwa mgonjwa, chakula hakipiti kooni, na alikuwa na ombi moja: awaone kaka yake Leopold na binamu yake Sospeter wameketi pamoja chumbani mwake. Wote ni wa Kyamabale, kijiji cha mlimani huko Muleba. Kijiji kilipogawanywa kuwa viwili, Juu na Chini, kila upande ulidai kilima cha katikati, na wajomba wangu wakaacha kusemezana. Nikiwapigia simu, habari ya mama iligeuka kuwa habari ya kilima. Nikaamua kuwafuata.

Asubuhi, stendi ya Bukoba. Dereva alituambia "tunaondoka sasa hivi" mpaka nikaacha kumsikiliza. Tulipoondoka hatimaye, migomba na mibuni ilipita, kisha lweya, uwanda wa nyasi tupu, ziwa likionekana kwa mbali upande wa kushoto.

Muleba mjini nilipanda bodaboda. Juu mlimani kijana aliyeniendesha akasimama ghafla kwenye matope.

"Mama, mimi ni wa Kyamabale Juu. Kule Chini siendi, wataninyang'anya ufunguo wa pikipiki."

Nikamalizia kwa miguu, begi kichwani.

Kwa mjomba Leopold, huko Chini, nilipewa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote wa heshima. Nikasema mama anamwita.

"Nimesikia. Lakini kwanza uijue historia."

Akanipandisha kilimani, kwenye tuta lililofunikwa na vichaka, akaokota bonge jeusi lenye vitundu. "Haya ni mavi ya chuma. Babu zetu waliyeyusha chuma hapa kwa matanuri yao. Akina Sospeter walikuwa wanaleta mkaa tu."

Kesho yake nikavuka kwenda Juu, kwa mjomba Sospeter. Kahawa tena. Kilima tena. Tuta lilelile, bonge jeusi mkononi.

"Sisi ndio wahunzi," akasema. "Akina Leopold walileta mkaa."

Tuliporudi kwake niliona mabonge yaleyale yamejengewa msingi wa jiko lake. Kwa Leopold pia nilikuwa nimeyaona.

"Na haya, mjomba?"

"Hayo ni mawe tu."

Hapo nikachoka, ingawa nilianza kwa neno la heshima la Kihaya. "Waitu, mjomba, dada yenu anaumwa, nanyi mnanionyesha mawe. Kesho asubuhi nakodi gari. Asiyepanda ajiandae kujieleza msibani."

Maneno hayohayo nikampelekea Leopold.

Asubuhi walikuja wote. Mmoja akakaa mbele, mwingine nyuma, kila mtu na dirisha lake. Tukashuka hivyo hadi Kashozi.

Walimsalimu mama vizuri, wakamshika mikono. Chai haijamiminwa, Sospeter akasema, "Leopold, yale matanuri unayajua vizuri ni ya nani." Basi, ukazuka ubishi. Nikainuka niwatoe nje. Mama akanishika gauni.

"Waache," akasema. "Nyumba ya baba yetu ilikuwa na kelele hizihizi."

Akaomba ndizi. Akala, huku akimkosoa huyu na yule, maana wote wawili walikuwa wanakosea majina ya mababu.

Nilikwenda nikidhani ubishi ndio unaowatenganisha. Kumbe kilichowatenganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa akibisha peke yake upande wake wa kilima. Historia ya Kyamabale inataka vinywa viwili, na mtu wa kuvikosoa. Kwa sasa wamehamia Kashozi, hawana dalili ya kuondoka, na anayewapikia ni mimi.