Mfanyakazi Hodari Asiyekuwa Mfanyakazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la korosho Kisarawe, Mtunza Ghala aliniuliza kama naogopa vumbi. Nikasema hapana. "Basi utafika mbali," akajibu, akanikabidhi daftari la mahudhurio. Sikufika mbali sana. Nilifika Kibaha.

Kibaha nilihamishiwa kiwandani, kwenye kubangua. Vijana mnaokula korosho za pakiti hamuijui kazi ile, ngoja niwaambie. Korosho ghafi huchemshwa kwa mvuke, kisha hupasuliwa ganda moja moja kwa mashine ya mkono. Huko ndiko kubangua. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji walijipaka majivu mikononi. Karibu wote walikuwa wanawake. Ilipoletwa mashine ya kusoma alama za vidole, iliwakataa, maana alama zilikwisha kuliwa na mafuta. Tukarudi kwenye kadi za karatasi.

Kadi hizo ndizo zilikuwa kazi yangu, mimi Karani wa Utumishi. Neno kibarua maana yake ni barua ndogo, kikaratasi cha kumruhusu mtu wa kutwa aingie kazini. Kwetu kikaratasi hicho kiliishi miezi mitatu. Kikikaribia kwisha nilikichukua, mwenyewe akakaa nyumbani siku moja, kesho yake nikamwandikia kipya chenye tarehe mpya ya kuanza kazi, asije akahesabiwa wa kudumu. Kwa daftari langu, vibarua wote walikuwa wageni, mwaka hadi mwaka. Ofisini mtindo huo tuliuita kuweka mambo sawa. Nami niliyaweka sawa, Mungu anisamehe.

Bi Mwanahawa, mzaliwa wa Kisarawe aliyepanga Visiga, alikuwa mgeni wa namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Alibangua bila kuvunja punje, na kila aliyeajiriwa upya alikalishwa pembeni yake ajifunze.

Mwaka huo wa kumi na moja tukaletewa Afisa Utumishi kijana, msomi. Akataka Mfanyakazi Hodari wa Mei Mosi achaguliwe kwa kura, asiteuliwe tena na wakubwa. Hakusema nani apige kura, nami nikagawa karatasi kwa kila mwenye kadi, hata vibarua. Lilikuwa kosa, na ndilo kosa pekee la kazi yangu ninalojivunia. Alishinda Mwanahawa, tena kwa mbali.

"Huyu ni nani?" Afisa Utumishi akaniuliza.

"Mbanguaji, bosi."

"Wa kudumu?"

"Kibarua. Ana miaka kumi na moja hapa."

"Mzee Kondo, kibarua hawezi kuwa na miaka kumi na moja. Ukipeleka jina hili umekiri kwa maandishi. Unataka kibarua chako kiote nyasi uzeeni?"

"Sasa tumwandike nani?"

"Jiandike wewe. Una nidhamu."

Nikajiandika. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu na niliogopa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Mei Mosi tukaandamana hadi uwanjani. Vibarua walivalishwa fulana za kiwanda ili msururu wetu uonekane mrefu. Juu ya lori tulifunga mashine ya kubangulia, na Mwanahawa akawa huko huko juu akiwaonyesha watu kazi inavyofanywa. Mgeni rasmi alimpungia mkono. Kisha nikaitwa mimi, nikapewa cheti na godoro. Nilipopita karibu na lori, Mwanahawa akapiga vigelegele. "Hongera, kaka Kondo!" Hakujua kura zilikwendaje, na mimi sikumwambia.

Nilistaafu. Haukupita mwaka, mgongo wa Mwanahawa ukagoma, kiwanda kikamwambia kadi yake imekwisha na nyingine hakuna. Akafungua shauri kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi, akitaka itambuliwe tu kwamba alikuwa mwajiriwa. Akanifuata nyumbani Mkuza, akaniomba niwe shahidi. Hapo nikamweleza yote, hata habari ya kura. Akasema, "Haya, na wao ukawaambie hivyo hivyo."

Nikaenda, nikasema. Wakili wa kiwanda alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniwekea madaftari mezani.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Hapa umeandika ameanza kazi mwezi wa pili. Hapa mwezi wa tano. Hapa mwezi wa nane. Leo unasema hakuwahi kuondoka. Ulidanganya wakati ule, mzee wangu, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

Akafunga daftari, akakaa. Hakuhitaji swali jingine. Shauri lilitupwa kwa kukosa shahidi wa kuaminika, na shahidi alikuwa mmoja tu. Nje, Mwanahawa alinipa mkono. "Ahsante kwa kuja, kaka Kondo. Wengine hata kuja hawakuja." Afadhali angenitukana. Nilirudi nyumbani nikalia, mtu mzima mimi.

Wastaafu wenzangu hupenda kusema tulitumikia kwa uaminifu. Wakifika hapo mimi huaga. Mei Mosi ya mwaka huu nilisimama kando ya barabara, kiwanda kikapita na msururu wake mrefu na fulana mpya. Wanawake wale wakanitambua, wakaniamkia kutoka kwenye mstari, "Shikamoo, Karani!" Nikaitikia marahaba, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Kwa daftari, wote wameanza kazi juzi.