Mwanangu anaitwa Dandi, na msomi mmoja hapa Guangzhou kaniambia ni tusi

Wakuu, salamu zenu. Naandika nina hasira na mtoto yuko mgongoni, makosa ya herufi mtanivumilia. Ila hapa sijaongeza chumvi, yamenikuta mwenyewe.

Mimi na mume wangu tunanunua nguo za kiume huku Guangzhou, masoko ya Liuhua, tunatuma nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza nimempa jina la utani la marehemu baba yangu: Dandi.

Jumapili tunakula mgahawani mtaa wa Dengfeng, akaja rafiki wa mume wangu, anasoma chuo hapa. Akambeba mtoto, akauliza jina. Nikamtajia. Jamaa akacheka mpaka basi.

"Shemeji, hicho ni Kiingereza cha zamani. Dandy ni mwanaume ambaye kazi yake kioo tu. Anajipamba, hana mbele wala nyuma. Watu walikuwa wanamcheka."

Meza nzima ikacheka. Mume wangu naye.

Kwenye metro akaniambia, "Mama Dandi, tumtafutie jina lingine kabla hili halijamganda."

Nilikuwa namuona baba.

Baba alikuwa kuli stesheni ya Tabora. Wiki nzima magunia, shingo imejaa vumbi la karanga.

Lakini Jumapili, wakuu. Pasi ya mkaa, anapuliza majivu uani. Shati jeupe limetiwa wanga mpaka linataka kusimama lenyewe. Suruali ina mstari wa kukatia nyanya. Kofia mwisho, kwa upande, halafu ananiuliza mimi, "Mama, nimekaa sawa?"

Mpaka niseme umekaa sawa baba, ndio anafungua mlango.

Shuleni walisema anaitwa Dandi kwa sababu anadandia treni za mizigo. Nimepigana sana kwa hilo. Kiingereza hakuna aliyekifikiria. Mimi nilijua tu dandi ni mtu nadhifu. Wengine walisema mtanashati, wengine brazameni, siku hizi bishoo, sharobaro. Kwetu ilikuwa Dandi.

Jana nikampigia mama video call, nikamuuliza nani alimpa baba lile jina.

"Msimamizi wao wa mizigo," akasema. "Alimkuta Jumapili kavaa, akamwambia, kuli mzima unajifanya dandi. Wenzake wakalidaka, wakawa wanamsuta nalo."

"Yeye akafanyaje?"

"Akaja kuniuliza maana yake. Nikamwambia sijui. Akasema, basi maana yake ni mimi."

Kwa hiyo yule msomi hakukosea, na ndio kinachoniuma. Kejeli ilikuwepo kweli. Ila baba aliichukua, akaipiga pasi, akaivaa mpaka tunamzika, na mtaa mzima ukasahau kama ilikuwa kejeli.

Leo nimepeleka kishati cha mtoto kwa wanaodarizi lebo Liuhua. DANDI, kwa herufi I, sio Y. Laoban, yaani bosi wa kibanda, akauliza hii ni brand gani. Nikamwambia ni babu yake.

Nilichojifunza ni kwamba neno hata likiwa na maana yake ya kitabuni, aliyelivaa naye ana maana yake.

Sasa semeni, kwenu wanaume wa namna hii waliitwaje? Anayetaka kunishauri nibadilishe jina apite kimya.

Mume wangu, Baba Dandi, amekichukua kile kishati. Yuko hapa anakipiga pasi. Mstari wa mkono umepinda, ila nimemwacha.