Perpendikula wa Igogo

Wapwa zangu, mkipita Igogo mkaona nyumba inayoinamia ziwa kama mlevi anayetafuta kiatu chake, msiulize tetemeko lilipita lini. Hakuna tetemeko. Ni Kiingereza.

Mwenye nyumba ni Josephat Shimba. Alizaliwa Kwimba kwa wachunga ng'ombe, akasoma hadi darasa la nane, akapata ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Mimi niliishia la tatu, lakini la tatu langu lilikuwa zito kuliko la nane lake, na mtaona. Shuleni Josephat aliokota neno moja la jometri, perpendikula, akatembea nalo kama mwanamke na mtungi: kichwani, bila kulishika. Kitabu kilisema ni mstari unaokutana na mwenzake kwa pembe ya nyuzi tisini. Yeye akalifupisha: wima, basi. Suruali yake ikipigwa pasi, perpendikula. Hata padri akisimama altareni, Josephat alininong'oneza kwamba baba yule leo si perpendikula sana.

Mwaka 1958 akamposa Bernadeta, binti wa Mzee Kashindye, mkulima wa pamba wa ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Mzee akatoa sharti moja: "Mwanangu haendi kupanga chumba. Jenga, nije nione kwa macho yangu, ndipo tuzungumze ng'ombe."

Josephat akapata kiwanja mlimani, mahali ambapo hata mbuzi hutamani miguu miwili mirefu na miwili mifupi. Siku ya kusimamisha nguzo nikamkuta ameinama na skwea ya mbao, kile kipimo cha fundi chenye pembe ya mraba. Upande mmoja ameulaza juu ya mteremko, wa pili ameuegemeza kwenye nguzo.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "funga jiwe kwenye kamba lining'inie, kisha ufuate kamba."

"Timazi hiyo ni ya wasiosoma, mjomba. Hapa ni nyuzi tisini kamili. Perpendikula."

"Perpendikula kwa kitu gani?"

"Kwa ardhi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Neno halikuwa na kosa, maskini. Linataka mistari miwili ikutane mraba. Haliahidi kwamba ule wa chini umelala sawasawa. Kwenye sakafu ya darasa, perpendikula ni wima. Igogo, perpendikula ni kuanguka polepole.

Akakandika udongo, akaezeka mabati. Mzee Kashindye akavuka na Bernadeta Jumapili moja baada ya misa. Nami nilikuwepo, nani angekosa?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akainamisha kichwa kuelekea bega la kushoto, akatazama ukuta. "Josephat, nyumba hii inamsalimia nani?"

"Ni perpendikula, baba. Ndiyo wima ya Kiingereza."

"Na Waingereza hulalia upande gani?"

Bernadeta hakucheka. Aliufunga mlango wa mbele. Mlango ukafunguka wenyewe kuelekea ziwani. Akaufunga tena, ukafunguka tena, taratibu, kama unamsindikiza mgeni. Akaweka kikapu chake chini.

"Josephat, niliyemkubali ni wewe, si mabati. Bomoa. Tutasimamisha nguzo upya, udongo nitaukanyaga mwenyewe. Baba atangoja hadi mavuno. Si utangoja, baba?"

"Nitangoja," mzee akasema.

Jamani, nani hupewa nafasi kama hiyo? Mimi mwenyewe sijawahi, na sura ninayo! Josephat akatazama skwea, akamtazama binti, akarudi kwenye skwea.

"Nibomoe nyuzi tisini? Kitabu kikosee kwa ajili ya mlango?"

Bernadeta akaokota kikapu. Hakuna aliyemfungulia mlango, ulikuwa wazi.

Mwaka uliofuata akaolewa kulekule Kamanga, na mtu asiyejua hata neno moja la jometri. Josephat akabaki na jiwe la kuzuia mlango na makarani wenzake wa kumwita Perpendikula. Kiburi kilikuwa kimekandikwa pamoja na udongo.

Uhuru ulipokuja, kila nyumba Igogo ikatundika kibendera. Josephat akachimba shimo uani, akatoa skwea yake ileile, akapima mlingoti kwa ardhi. Nikapita kumchokoza.

"Mlingoti wako unaonyesha wapi, Bwana Perpendikula?"

Akaufuata kwa macho kutoka shina hadi ncha, na kutoka ncha kuvuka maji. Ng'ambo kulikuwa na moshi wa wapishi wa Kamanga.

"Juu," akasema, akaingia ndani, akalisukuma jiwe lake mlangoni.