Ngiri ya Mfyatua Matofali

Kwa miaka mingi nimekuwa daktari wa upasuaji katika bonde la Kilombero, na hospitalini kwetu Jumatano ndiyo siku ya wagonjwa wa kupangiwa. Hao ni wale ambao ugonjwa wao unaweza kusubiri: ngiri, mawe ya nyongo, uvimbe ambao haujaanza kuuma. Siku nyingine zote meza ya upasuaji ni ya dharura. Jumatano nayo ni ya dharura, ila huwa tunajidanganya kwamba siyo.

Mzee ninayetaka kusimulia habari zake alikuja kliniki kiangazi kimoja, akitokea Namawala. Alikuwa mfyatua matofali, mtu mrefu, mkavu, wa karibu miaka sitini. Wakati wa mvua alilima mpunga kama majirani zake, lakini kiangazi chote alishinda kwenye shimo la udongo, anakanyaga, anafyatua, anapanga tanuri, anachoma. Ngiri alikuwa nayo miaka kumi na miwili. Nilipomlaza kitandani niliona imeshuka mpaka kwenye korodani, kubwa kama papai dogo, na kiunoni amejifunga mkanda alioushona mwenyewe kwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Daktari mwenyewe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Na utaweza kunishona?"

"Nimeshona wengi, baba."

Alicheka, akamtazama mkewe aliyekaa pembeni. Mkewe hakucheka. Yeye ndiye aliyemleta, na yeye ndiye aliyesema kilichowaleta: "Mwambie inavyokusumbua siku hizi."

"Zamani nikilala ilikuwa inarudi yenyewe," mzee akasema. "Siku hizi mpaka niibembeleze."

Niliyaandika hayo kwenye faili. Ngiri inayohitaji kubembelezwa iko njiani kukataa kabisa, na siku ikikataa, utumbo ulio ndani hukabwa, damu isipite, ukafa. Nilimwambia hivyo, nikamweka wa kwanza kwenye orodha ya Jumatano iliyofuata.

Jumatano hiyo alifika alfajiri, hajala tangu jana jioni kama tulivyomwagiza. Saa mbili asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha upasuaji, amevaa gauni letu la kijani lililokuwa fupi kwake, mkewe ubavuni ameshika nguo zake. Nilikuwa nanawa mikono nilipoitwa mapokezi.

Aliyeletwa alikuwa msichana wa miaka tisa, mtoto wa wafugaji Wasukuma wanaokaa mbali, upande wa Chita. Alikuja na bibi yake. Alikuwa na homa ya wiki tatu, na kwa siku mbili tumbo lilimuuma hata asiweze kunyooka. Niliweka kiganja juu ya tumbo lake, lilikuwa gumu kama ubao. Hakulia, na mtoto asiyelia ukimgusa tumbo la namna hiyo hutisha kuliko anayepiga kelele. Utumbo ulikuwa umetoboka, karibu hakika kwa homa ya matumbo. Bibi alijua Kiswahili kidogo sana. Alirudia neno moja tu: "Asaidiwe. Asaidiwe."

Kwamba alipaswa kupasuliwa siku ileile halikuwa swali. Swali lilikuwa saa ngapi. Mtoto alikuwa amekauka maji, mapigo ya moyo yanakimbia, mkojo hakuna. Ukimlaza usingizi katika hali hiyo anakufa mezani. Ilibidi apate maji ya mishipani na dawa kwanza, kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka aanze kukojoa. Ndipo akaja muuguzi wetu wa usingizi, mwanamume wa maneno machache, akauliza kile nilichokuwa nakiogopa.

"Hizi saa mbili, tumfanye mzee?"

Nilifikiri kwa muda usiozidi dakika moja. Ngiri ndogo ningeimaliza kwa dakika arobaini na tano. Hii haikuwa ndogo. Ngiri ya miaka kumi na miwili imeshikamana na kila kitu, ingeweza kula saa mbili, hata tatu. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja. Mtoto akibadilika ghafla huku mzee amefunguliwa, ningekuwa na wagonjwa wawili na mikono miwili.

"Hapana," nikasema. "Meza isubiri mtoto."

Nikatoka kumwambia mzee. Nilimkuta ameshaona kitanda cha magurudumu kikipita na bibi akikifuata.

"Baba, utanisamehe. Leo haitawezekana. Tutakupangia tena baada ya wiki mbili."

"Ni huyo mtoto?"

"Ni huyo."

"Basi aingie. Mimi nimeishi nayo miaka kumi na miwili, wiki mbili ni nini?"

Alijifunga mkanda wake, akavaa suruali. Mkewe alikunja gauni vizuri, akaliacha kwenye benchi, lakini hawakuondoka mara moja. Walikuwa wanasubiri usafiri wa jirani yao wa kurudi Namawala, na hawakuwa na mahali pengine pa kukaa. Sisi tulikaa na mtoto tukihesabu matone ya maji na matone ya mkojo. Saa nne na nusu tukamwingiza. Utumbo ulikuwa na matundu mawili. Nikayaziba, nikaosha tumbo, nikafunga. Baadaye kidonda kilioza, kikafumuka, kikapona polepole. Alikaa wodini wiki tano. Siku ya kuondoka alitembea mwenyewe mpaka getini.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili kama tulivyopatana. Safari hii meza ilikuwa wazi na hakukuwa na dharura yoyote, lakini alipopimwa presha ilikuwa juu mno. Tukampumzisha, tukapima tena. Ikawa ileile.

"Huyu simchomi," muuguzi wa usingizi akasema. "Sindano ya mgongo ikimshusha presha ghafla kutoka huko juu, tunampoteza. Na kwa ugonjwa unaoweza kusubiri."

Nilikuwa na uwezo wa kubishana naye. Sikubishana, kwa sababu alisema kweli. Nikamwandikia mzee vidonge, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Aliniuliza kama wakati huo anaweza kuendelea kufyatua. Nikamwambia asibebe vizito. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Mwezi ukaisha, hakuja. Mkewe alipiga simu kliniki, akaacha ujumbe kwamba wana tanuri la kuchoma, wakimaliza watakuja. Kisha mvua zikaanza. Ujumbe ule niliuona umebandikwa kwenye faili lake, na namba ya simu chini yake. Nilisema moyoni nitampigia. Ikaja wiki ya ajali ya pikipiki, ikaja wiki ya akina mama wa uzazi pingamizi watatu mfululizo, na faili likarudi kabatini. Sikumpigia. Katika yote nitakayoyasimulia hapa, hilo ndilo ninalolijua waziwazi kuwa kosa langu.

Alirudi wakati wa mavuno ya mpunga. Alikuwa amebeba gunia kutoka shambani, ngiri ikatoka, akaibembeleza, ikakataa. Siku ya kwanza walimkanda kwa maji ya moto. Siku ya pili akaja mtu anayesifiwa kwa kurudisha mishipa, akamkandamiza mpaka akazimia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, trekta lililobeba mpunga likamshusha mbele ya hospitali. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Alikuwa anatapika maji ya kahawia yenye harufu ya choo. Presha, ile iliyomrudisha nyumbani, sasa ilikuwa chini hata mashine ikashindwa kuisoma mara ya kwanza.

Kumpeleka hospitali kubwa ya Morogoro nilikufikiria. Ni saa nyingi za barabara, na kila saa utumbo uliokufa unamwaga sumu mwilini. Nikaamua asiende popote. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Baba, kipande cha utumbo kimekufa. Nataka kulifungua tumbo nikikate."

"Na usiponipasua?"

"Hutaimaliza kesho."

"Na ukinipasua?"

"Unaweza kufa leo. Unaweza pia kupona."

Alifumba macho kidogo, nikadhani amepotea. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kinyongo chochote ninachokikumbuka: "Leo nafasi ipo?"

Nikamwambia ipo.

Nilipofungua nilikuta utumbo mwembamba umekuwa mweusi, urefu wa mkono kuanzia kiwikoni mpaka vidoleni. Nikaukata. Hapo ulikuja uamuzi mwingine: niunganishe ncha mbili zilizobaki, au nizitoe nje ya ngozi apitishie kinyesi tumboni mpaka apate nguvu? Kuunganisha kwa mtu aliye mgonjwa namna ile ni hatari, mshono unaweza kuvuja. Kuzitoa nje nako, kwa utumbo wa sehemu ile, maji ya mwili yangemtoka kama ndoo iliyotoboka, na mifuko ya kubandika hatukuwa nayo. Nikaunganisha. Nilishona taratibu, mshono mmoja mmoja, na nilipomaliza ulikuwa mzuri. Muuguzi aliyekuwa akinisaidia alisema hivyo, ni mzuri.

Siku ya kwanza alizungumza. Siku ya pili aliuliza kama mpunga umeanikwa. Siku ya nne majimaji ya kijani yalianza kutoka kwenye kidonda, na nikajua mshono umeachia. Mkojo ulikuwa umepungua tangu asubuhi. Nilimpigia mwalimu wangu wa zamani huko Dar es Salaam, nikamweleza vipimo vyote. Akaniuliza, "Una chumba cha wagonjwa mahututi? Una mashine ya kumpumulia?"

"Sina."

"Basi unajua jibu langu. Ungekuwa huku ningekwambia mfungue."

Sikumfungua. Nilimwita mkewe nje, nikamweleza kwamba nikimrudisha mezani atafia pale, na nikimwacha kitandani atafia kitandani, ila akiwa na watu wake. Alisema, "Muacheni." Nikaandika dawa ya maumivu, ya kutosha. Alikufa Jumamosi mchana, wodini, mwanawe wa kike akimpepea kwa jalada la daftari.

Wiki iliyofuata tulikaa kikao cha kupitia vifo, kama tufanyavyo kila mwezi. Tulifungua faili lake ukurasa kwa ukurasa. Kumtanguliza mtoto: sahihi. Kuahirisha kwa presha: sahihi. Kutompeleka Morogoro: sahihi. Kuunganisha utumbo: inajadilika, lakini sahihi. Kutomfungua mara ya pili: sahihi. Niliitaja simu ambayo sikuipiga. Mwenyekiti aliandika "ufuatiliaji uboreshwe", tukaingia faili lingine. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Mkewe alikuja baadaye kuchukua karatasi za kifo. Karani alizileta kwangu nisaini, naye akaingia nyuma ya karani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa bila kukaribishwa.

"Yule mtoto wa Kisukuma," akasema, "alipona?"

"Alipona, mama. Alirudi kwao."

Aliitikia kwa kichwa. "Nashukuru." Kisha akasema, "Ile siku tulikaa pale benchini tukingoja gari. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikawa naona ndani. Kitanda chenu kilikuwa kitupu. Nikamwambia mume wangu, mbona hakuna mtu? Akasema wataalamu wana hesabu zao. Hesabu yenyewe ilikuwa ipi?"

Nilimweleza, kadiri nilivyoweza. Maji ya mtoto, mashine moja, ngiri ya miaka mingi, mikono miwili. Nilimwambia pia kuhusu simu. Alisikiliza yote. Nilingoja alie au anitukane, na kwa kweli ningependa afanye mojawapo.

"Ungejaribu," akasema. Akachukua karatasi, akaziviringisha ndani ya kanga, akatoka.

Sijamwona tena. Nasikia mashamba wameyakodisha, naye amehamia kwa binti yake, kijiji cha Mbingu.

Mwaka uliofuata, Jumatano moja, jambo lilelile lilijirudia karibu bila tofauti. Mama wa ngiri ya kitovu alikuwa ameshavaa gauni, na mapokezi wakaleta kijana ambaye kidonda chake cha tumbo kilikuwa kimetoboka, amekauka, anahitaji maji kwanza. Muuguzi wa usingizi alinitazama. Nikasema mama aingie. Tulimaliza kabla ya kijana kuwa tayari, tukamfanya na yeye, wote wawili wakapona.

Wakati tunavua glovu muuguzi akaniuliza, "Kwa hiyo hivi ndivyo tutakuwa tunafanya?"

Nilifikiria ngiri ya yule mama, ndogo, ya mwaka mmoja, iliyofunguka na kufungika bila ubishi. Haikufanana kabisa na ile ya mzee. Kama ingekuwa ya mzee, na kijana akabadilika katikati, ningekuwa leo nasimulia kifo kingine, na mke mwingine angekuwa ananiuliza kwa nini sikungoja.

"Sijui," nikamwambia. "Tutaangalia kila mmoja anavyokuja."

Akaenda kuandika ripoti. Mimi nikakaa na orodha ya Jumatano inayofuata, nikaanza kupiga simu.