Mluzi Jukwaani Minjila

Leo ng'ombe wangu kumi na wawili wameingia shoo ya roki bila mimi kuwaalika.

Asubuhi yote nilikuwa nao mtoni. Wakanywa wakashiba, nikawaacha wamelala wakicheua nyuma ya uwanja hapa Minjila. Mimi nikajipenyeza mbele. Miguu inauma, lakini hii bendi nimeisubiri mwezi mzima.

Na kazi wanaijua. Mwimbaji amevaa koti la manyoya kwa jua hili la Garsen, anajiangusha, anajifanya amekufa, anafufuka.

Akatuchuchumaza sote, kimya.

Halafu akapiga mluzi. Mrefu, wa taratibu.

Jamani. Huo ndio mluzi tunaowaitia ng'ombe maji.

Kugeuka, ng'ombe wangu wote wamesimama. Wakaja moja kwa moja, watu wakawapisha, wakajipanga mbele ya jukwaa wakimtazama yeye.

"Mwenye hawa mashabiki ni nani?" akauliza kwenye maiki.

"Ni mimi. Umewaitia maji, kaka. Sasa lazima wapewe."

Watu wakapiga makofi. Walidhani mimi ni sehemu ya mchezo.

Waorma wenzangu mnajua: ukiwaita kwa mluzi ule halafu uwanyime maji, kesho hawakuitikii. Nikawarudisha mtoni.

Nikiwa huko nikasikia uwanja mzima ukiimba ule wimbo nilioufuata.

Na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekunywa.

Aliyerekodi anitumie, tafadhali. Ila akate pale kwenye mluzi. Wako hapa nje, na mimi kusimama tena leo siwezi.